Siku Mama Kaza Alipolegeza Mkono

Ukitaka kumtambua mteja wa Mama Kaza barabarani, usitazame nywele, tazama nyusi. Mwanamke aliyetoka kusukwa kwake alitembea nyusi zimepanda kama mtu aliyepewa habari asizozitarajia, macho yamevutwa pembeni, na hata akitaka kununa alishindwa, maana ngozi ya kununia ilikuwa imekwenda yote kisogoni. Wanaume wa mtaa ule walikuwa na utani wao: ukiona mkeo ana kisirani, mpeleke kwa Mama Kaza, atarudi hana uso wa kukukunjia.

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho. Hili la Kaza alipewa na wateja, kwa kuwa ndilo neno alilolisema tangu asubuhi mpaka jioni. "Kaza shingo, dada, nami nikaze huku." Mteja akiguna, alijibiwa, "Urembo una baba yake, naye anaitwa uvumilivu." Akiguna tena, alipewa sega ashike ili mikono yake ipate kazi. Saluni yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba: kiti cha plastiki kilichofungwa waya mguu mmoja, benchi la wanaosubiri, kioo chenye ufa uliokata kila uso mapande mawili, mafungu ya nywele za bandia yakining'inia msumarini, na pazia la maua lililotenga chumba cha kulala. Hapo ndipo alipopatia riziki, ndipo alipopatia sifa, na ndipo alipoibiwa mume.

"Nywele ni kama ndoa," alipenda kusema. "Ukiilegeza mwanzo, mwisho utaiokota njiani."

Wateja walijua ndoa yake iliokotwa wapi na nani, lakini ni mwendawazimu gani atamkumbusha mtu aliyeshika kichwa chake?

Mume alikuwa mnadi wa mitumba. Alisimama juu ya meza sokoni akipiga kelele tangu jua linachomoza, na alikuwa na sauti ya kuweza kuuza shati lenye mkono mmoja, mnunuzi akaenda zake akiamini ndiyo mtindo. Mtaani aliitwa Mnadi, basi. Siku moja alipita nyumbani kuchukua ufunguo, akamkuta binti mmoja kwenye kile kiti cha plastiki. Mama Kaza alikuwa anamalizia msuko wa taji, kazi nzuri kuliko zote zilizowahi kupita mikononi mwake. Akamgeuza binti aelekee mlangoni, akamwuliza mumewe kwa mdomo wake mwenyewe, "Baba Chiriku, hebu sema wewe, hajapendeza huyu?"

Mnadi akasema amependeza. Huo ndio ukweli wa mwisho aliomwambia mkewe. Haukupita muda mrefu yule binti akawa Bi Mdogo, na Mnadi akahamia kwake na sauti yake yote, akamwachia mke mkubwa nyumba, kioo chenye ufa, na mtoto.

Tangu hapo mkono wa Mama Kaza ulizidi kukaza.

Mtoto mwenyewe ndiye Chiriku. Aliitwa hivyo kwa sababu alianza kuongea kabla ya kuota meno na hakuona sababu ya kunyamaza baada ya kuyaota. Sauti alirithi kwa baba, ulimi kwa mama, na hiyo ni mali ambayo hakuna mahakama ingeweza kuigawa. Alikuwa darasa la mwisho la shule ya msingi, mrefu ghafla, miguu mingi kuliko sketi. Akirudi shuleni, habari za mwalimu, za mwenzake aliyemeza kifutio, na za mbwa aliyeingia darasani, zote zilitoka pamoja kwa pumzi moja, na wanawake waliokuwa kwenye benchi walikuwa radhi kusubiri zamu yao wamsikilize.

Tena Chiriku ndiye alikuwa kibao cha saluni. Wasusi wengine walikuwa na mbao zilizochorwa vichwa na kuandikwa maneno. Mama Kaza hakusoma, na aliona kuweka maandishi mlangoni ni kama kumtuma mtu akusemee kwa lugha usiyoijua. Yeye kibao chake kilikuwa na miguu. Kila Jumamosi, wateja wakiisha, alimkalisha mwanawe kati ya magoti yake, akamfumua msuko wa zamani na kumwekea mpya, mistari myembamba kama uzi, imevutwa hasa, ili Jumapili apite nao mtaani na Jumatatu aende nao shuleni. Akina mama wakimwona wanauliza, "Nani kakusuka?" Naye si mtu wa kujibu kwa neno moja.

Halafu Chiriku akanyamaza.

Ilianza Jumapili moja. Alikaa kitandani amefunika uso kwa kanga, na mama alipochungulia alisema tu, "Mama, funga dirisha, mwanga unanipiga." Wiki iliyofuata kichwa kilimjia shuleni, akatapika mlangoni mwa darasa, mwalimu akamrudisha nyumbani. Kikawa kinakuja na kuondoka kama mgeni asiyebisha hodi. Siku kinapokuja, nyumba ilipooza. Benchi la wanaosubiri likawa linasubiri kweli.

Mtaa ukakaa kikao, kama kawaida ya mtaa. Mmoja alisema ni macho, mwingine akasema ni simu. Yuko aliyesema ni wavulana, na huyo alikuwa na binti wake wa kuchunga ambaye hakuumwa kichwa kabisa. Kinyozi wa chumba cha pili, mzee mwenye kipara aliyeona vichwa vingi maishani, alitoa hukumu yake akinoa wembe:

"Ni maneno. Kichwa kidogo kile, maneno yale yote. Lazima yabanane."

"Na wewe chako kilibanana nini mpaka nywele zikakimbia?" Mama Kaza alimwuliza.

"Mimi zangu ziliona kazi ninayofanya, zikaogopa."

Mama Kaza alicheka, lakini moyoni hakuwa anacheka. Nyumbani alifanya alilolijua. Alichukua kitambaa, akamfunga mwanawe kichwa, akavuta ncha zote mbili na kukaza. Alimpa vidonge vya maumivu, leo, kesho na kesho kutwa, mpaka kopo likawa linakaa karibu na chumvi. Jumamosi ilipofika alimsuka kama kawaida, kwa upendo kabisa, na ili kumfurahisha maskini mtoto wa watu anayeumwa, akamwekea msuko mgumu kuliko wa wiki iliyopita.

Kuna kilichomtisha ambacho hakumwambia mtu. Yeye naye utotoni alikuwa akiumwa kichwa. Alikuwa anaona vimulimuli pembeni mwa jicho, kisha upande mmoja wa kichwa unaanza kugonga kama mlango, kisha anatapika. Mwalimu wake alisema anaigiza. Baba yake alisema kichwa kinachoumwa na vitabu kipumzishwe kwa jembe, akamtoa shule kabla hajajua kuunganisha herufi. Akaenda kulima. Kichwa kikamuuma huko huko shambani, na hakuna aliyesema jembe liachwe.

Katika hali hiyo ndipo Mnadi alipotokea. Alisikika toka kona ya mtaa, maana mtu yule alikuwa hajui kusalimia bila kunadi.

"Nasikia mwanangu kichwa kimemshinda," alisema, amesimama katikati ya saluni, na wateja wawili wakaacha kupumua ili wasikie vizuri.

"Hakijamshinda. Kinamuuma."

"Ni hayo hayo. Vitabu si vya kila mtu. Mwenzako kule amejifungua, hapati usingizi, mtoto analia usiku na mchana. Shule zikifungwa nakuja na mwenzako, tumchukue Chiriku akatusaidie kulea. Dada zangu nimewaambia, wamekubali. Kulea hakuhitaji kichwa."

"Mtoto anaumwa kichwa, dawa yake ni kumkalisha na mtoto anayelia usiku na mchana?"

"Usinigeuzie maneno, Mama Chiriku. Nikija nikamkuta mzima, mcheshi, anasoma, sina neno. Nikimkuta amefunika uso, naondoka naye. Nimemaliza."

Naye akaondoka. Mama Kaza alibaki ameshika msuko wa mteja mmoja, akauvuta bila kujua mpaka mteja akasimama kwenye kiti.

Alijua vizuri mambo hayo yanavyokwenda. Msichana akitoka shule kwenda kulea, harudi. Mtoto wa kwanza akikua huja wa pili, na wa pili akitembea mlezi ameshakuwa mtu mzima asiyejua kuunganisha herufi. Kesho yake asubuhi alifunga saluni, jambo ambalo hakulifanya hata siku alipoachwa, akamshika Chiriku mkono wakaenda kituo cha afya.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye tabia ya kuuliza swali na kisha kusubiri jibu. Alimwuliza Chiriku kichwa kinauma wapi. Mama Kaza akajibu. Akamwuliza Chiriku kinaanza saa ngapi. Mama Kaza akajibu.

"Mama," daktari akasema, "kichwa ni cha nani?"

"Chake."

"Basi tumwachie akisemee."

Chiriku akakisemea. Ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa, kwa hiyo alieleza kila kitu: vimulimuli, maumivu nyuma ya jicho, harufu ya sabuni inavyomchefua, kengele ya shule inavyoingia sikioni kama msumari. Alikiri kwamba asubuhi haendi shule na kitu tumboni kwa kuchelewa kuamka, na kwamba huchelewa kuamka kwa kuwa usiku hukaa na simu ya mama chini ya shuka. Mama alifungua mdomo, daktari akamtazama, akaufunga. Maji je? Shuleni hanywi, kwa kuwa choo cha shule ni cha kuogopwa.

Wakampima macho kwa ubao wa herufi. Chiriku alizisoma zote mpaka zile za chini zilizo kama sisimizi. Mama Kaza naye akatazama toka kwenye kiti chake, akaona vizuri kabisa, ila hakujua anaona nini.

Kisha daktari akamshika Chiriku kichwa, na mtoto akaruka. Daktari akainama, akatazama mistari ile, akajaribu kupitisha ncha ya ukucha chini ya msuko. Ukucha haukupita. Pembeni mwa paji la uso kulikuwa na vipele vidogo, kila unywele na chake.

"Nani kamsuka?"

"Mimi," Mama Kaza akasema, akakaa vizuri kusubiri sifa.

"Ni kazi nzuri," daktari akasema, "lakini mama, hiki kichwa kimefungwa kama mzigo wa safari. Hata mimi ningetapika. Mtoto huyu anaumwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni hii ya kuvutwa, na hiyo tutaiondoa leo. Ya pili ni ugonjwa wenyewe, unaitwa kipandauso. Huwapata watoto wengi tu. Njaa huuamsha, kiu huuamsha, kukosa usingizi huuamsha, na huko kukazwa nako huuamsha. Mara nyingi hurithiwa. Je, kwenu kuna mwingine?"

Mama Kaza alitazama mkoba wake, akaufungua, akaufunga. Kisha akasimulia: vimulimuli, mlango unaogonga, mwalimu, baba, jembe. Alisimulia kwa haraka kama mtu anayepita mahali penye mbwa.

"Hukuwa mvivu," daktari akasema. "Ulikuwa unaumwa."

"Sema tena."

"Ulikuwa unaumwa, mama. Hukuwa unaigiza."

Mwenye kovu usidhani kapoa, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba kuna siku mtu huligusa kovu akacheka. Mama Kaza alicheka. Alianza kwa pua, kicheko kikateremka tumboni, akashika ukingo wa meza ya daktari, machozi yakamtoka. Chiriku alimtazama kwa woga, kisha akaambukizwa, wakacheka wote wawili bila kujua nani anamchekesha nani, na mtu aliyekuwa akisubiri nje akachungulia aone huku ndani wanatibiwa kwa dawa gani.

Waliondoka na maagizo mepesi. Mtoto ale kabla ya kwenda shule, anywe maji, simu ilale chumba kingine. Kichwa kikianza tu, asisubiri kimshinde: anywe kidonge kwa kipimo alichoandikiwa, apumzike gizani, pawe kimya. Vidonge visiwe chakula cha kila siku, maana vikizidi vyenyewe huleta maumivu. Na siku kikimjia cha namna nyingine, chenye homa na shingo kukakamaa, au cha ghafla kupita vyote, au cha kumwamsha usingizini, arudishwe hapo hapo bila kungoja.

"Na nywele?" Mama Kaza akauliza mlangoni.

"Wewe ndiye fundi," daktari akasema. "Mimi najua kufungua jipu tu."

Mchana huo huo alimfumua, nje, kwenye kivuli cha ukuta. Kinyozi alitoa kiti chake akakaa kutazama kama mtu aliyelipia kiingilio. Kila mstari ulipofunguka, nyusi za Chiriku zilishuka kidogo. Mpaka upande wa pili ulipoisha, uso ulikuwa umerudi mahali pake, na mtaa ukagundua kwamba mtoto yule alikuwa na paji la uso fupi, la baba yake.

"Mama," Chiriku alisema, amefumba macho, "nasikia upepo kichwani."

"Kaa nao," Kinyozi akasema. "Mimi nimeuzoea."

Kusuka kwa kulegeza si jambo dogo kwa mkono uliokaza miaka yote. Mara ya kwanza alipojaribu, msuko ulifumuka Chiriku akiwa bado anateremka ngazi ya mlangoni. Mara ya pili ulikaa, lakini umepinda. Alijifunza kuanzisha mbali na ukingo wa uso, kuweka mistari minene, na kujiwekea sheria: ncha ya kidole ipite chini ya kila msuko. Akikaza kwa mazoea, Chiriku alikohoa, naye akarudia. Wiki zilipita. Kichwa kilikuja, lakini kwa nadra, na kila kilipokuja kilikutana na maji, mkate, kidonge chake kimoja na pazia lililofungwa, kikaona hapana maslahi, kikaondoka.

Wateja aliwaogopa. Alijua wanakuja kwake kwa ajili ya ule mkono. Alipomwuliza wa kwanza kwa sauti ya chini, "Dada, nikulegezee kidogo?" yule mama aligeuka nusu kiti.

"Kumbe inawezekana?"

"Inawezekana. Hukuniambia kama unaumia."

"Nikuambie wewe? Mimi nikitoka hapa nalala nimekaa. Mume wangu hunitengenezea mito kama mgonjwa."

"Mimi nameza vidonge kabla sijaja," wa kwenye benchi akasema.

"Mimi," mwingine akasema, "nilidhani ni mapepo, kwa sababu yananipata kila mwisho wa mwezi. Kumbe ni wewe."

Wakaangua kicheko mpaka kioo chenye ufa kikatikisika. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na maiti wote wa Mama Kaza siku hiyo walifufuka wakatoa ushahidi. Hakuna aliyemkimbia. Msuko mlegevu haudumu kama ule wa zamani, kwa hiyo walirudi mapema zaidi, tena walirudi wakiwa na nyuso za kucheka nazo.

Shule zikafungwa. Siku hiyo kulikuwa na sherehe ya kuagana, Chiriku akacheza juani, akarudi akaongea hadi usiku mkubwa, asubuhi akaamka amechelewa, na kabla hajagusa mkate akaja kusimama mlangoni mwa saluni, mkono kwenye jicho.

"Mama. Vimulimuli."

Na siku aliyoahidi Mnadi kuja ilikuwa hiyo hiyo. Mikono ya Mama Kaza haikungoja: maji, kipande cha mkate, kidonge, godoro, pazia. "Lala. Mimi nitakaa na baba yako."

"Atanichukua?"

"Lala."

Alikuwa hajafunga vizuri pazia, sauti ikasikika toka kona ya mtaa. Mama Kaza alitoka mbio, kitana kichwani, akamkuta Mnadi hatua chache toka mlangoni, nyuma yake Bi Mdogo amebeba kichanga mgongoni.

"Nimekuja kama tulivyo…"

"Shhh," Mama Kaza akamwambia, kidole mdomoni. "Mtoto amelala."

Mnadi alitazama kichanga mgongoni mwa mkewe. Kweli, kilikuwa kimelala. Akashusha sauti kwa mazoea ya mtu aliyechoka kugombezwa, akaingia ndani kwa ncha za vidole. Hapo ndipo ulipoanza ugomvi ambao Kinyozi, aliyekuwa ameegemeza sikio ukutani, alilalamika baadaye kwamba hakuambulia neno, kwa sababu wote wawili walikuwa wananong'ona.

"Yuko wapi Chiriku?" Mnadi akanong'ona.

"Amepumzika," Mama Kaza akanong'ona.

"Kichwa?"

"Kichwa. Kimeanza asubuhi, sasa hivi kitaisha."

"Si nilisema? Si nilisema nikimkuta…"

"Punguza sauti."

"Nanong'ona mimi."

"Unanong'ona kama jenereta."

Wakati huo Bi Mdogo alikuwa ameegemeza bega ukutani, macho nusu wazi, vidole kwenye paji la uso. Nywele zake zilikuwa zimesukwa saluni nyingine, na aliyezisuka alikuwa mwanamke aliyetamani sana sifa ya Mama Kaza. Nyusi zilikuwa karibu kukutana na taji.

Mama Kaza alizitazama nyusi zile muda mrefu. Alikuwa ameiota siku kama hiyo: kichwa kile, kiti kile, mikono hii. Katika ndoto zake alikaza mpaka kitu kikakatika.

"Kinakuuma?" akauliza.

"Dada, tangu jana," Bi Mdogo akanong'ona. "Sijalaza kichwa."

"Kaa."

Bi Mdogo alimtazama mumewe, akatazama kiti, akakihamishia kichanga mapajani, akakaa. Mama Kaza akaingiza ncha ya kitana kwenye mstari wa kwanza. Ulipofunguka, Bi Mdogo alitoa pumzi ndefu kama tairi. Wa pili. Wa tatu. Mnadi alisimama katikati ya chumba na hotuba yake mdomoni, hana wa kumnadia.

"Hata ulipokuwa unanisuka wewe nilikuwa naumwa," Bi Mdogo alisema, macho yamefumba. "Niliogopa kusema."

"Ungesema mengi siku zile," Mama Kaza akajibu, "hilo lingekuwa dogo kuliko yote."

Mstari mwingine ulipofunguka, Bi Mdogo akafumbua jicho moja.

"Mtoto bado amelala," alisema polepole, kama mtu anayeona mwezi mchana. "Tangu tumeingia. Hajawahi kulala hivi."

"Labda amechoka," Mnadi akanong'ona.

"Hajachoka. Wewe ndiye umenyamaza." Bi Mdogo akageuka kwenye kiti, nusu ya kichwa imesimama, nusu imesukwa. "Mimi sikukuambia nataka mlezi. Nilikuambia nataka usingizi. Wewe unaingia nyumbani unanadi salamu, unanadi chakula, unanadi soksi zako ziko wapi. Mtoto ataacheje kulia? Mwache msichana asome. Wewe nong'ona."

Mnadi alifungua mdomo. Wanawake wawili kwa pamoja wakaweka vidole midomoni.

Pazia la maua likasogezwa. Chiriku alitoka, shavu lina alama za shuka, anapepesa macho, lakini mkono haukuwa kwenye jicho. Alimtazama baba, akamtazama mama mdogo na nywele zake za pande mbili, akakitazama kichanga.

"Kimeisha," alisema. "Nina njaa. Huyu ndiye mdogo wangu? Mbona ana paji la uso kama langu? Baba, nimefaulu, nimekuwa wa pili, wa kwanza ni yule aliyemeza kifutio, mwalimu anasema labda ndicho kilichomsaidia, halafu jana mbwa amerudi tena darasani, mwalimu akapanda juu ya…"

Mambo yakatoka kwa pumzi moja, ya wiki nzima, na kichanga hakikuamka. Mnadi alisimama akisikiliza sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye mdomo mdogo, na hakuna aliyejua alifikiri nini, maana hakuna aliyemwuliza. Alisema sina neno. Alilisema kwa kunong'ona.

Bi Mdogo alipofunguliwa mstari wa mwisho aliomba kusukwa upya, kwa pole, na Mama Kaza akamsuka, kidole kikipita chini ya kila msuko. Walipoondoka, Mnadi alivuka mtaa kimya kama mwizi, na hakusikika mpaka alipofika kona, ambako alishindwa kujizuia akamsalimia muuza mkaa.

Chiriku alikuwa anakula mkate wa pili. "Mama, umemsuka vizuri vile. Mbona hukumpa hata chai?"

Mama Kaza alikuwa anafagia nywele za mke mwenzake, akizisukuma kuelekea mlangoni.

"Nimempa kichwa chepesi," alisema. "Chai akanywe kwake."